Pastel de nata jikoni kwako: moto kwanza, mengine baadaye

Pastel de nata ni kiganda cha unga wenye tabaka nyembamba, kilichojazwa kastadi ya viini vya mayai na kuokwa mpaka uso wake uwe na madoa meusi. Madoa hayo ndiyo yanayowatisha wanaoipika nyumbani mara ya kwanza. Wakiona rangi imeanza kuingia wanazima oveni, halafu wanashangaa ganda la chini ni bichi na kastadi haina ladha zaidi ya sukari na maziwa.

Wareno hawaipiki hivyo. Katika maduka ya Lisbon, pastel huingia kwenye oveni za kazi zinazofika nyuzi joto 300 na kuzidi, na hukaa humo dakika chache tu. Oveni nyingi za nyumbani zinakomea 250. Pengo hilo la nyuzi 50 ndilo tatizo lote la pishi hili. Unga kidogo ndani ya kastadi, sukari iliyochemshwa kuwa shira, ganda jembamba chini na nene ukingoni, donge lililopoa sana: vyote vipo ili kitu kilichojaa mayai kiweze kupita kwenye moto mkali bila kuharibika. Ukilishika hilo, utajua mwenyewe ni kipi cha kubadilisha na kipi cha kuacha. Usipolishika, utabadilisha vanila mara kumi na matokeo yatabaki yaleyale.

Kwanza neno fupi la asili yake. Pastel hizi zinahusishwa na watawa wa monasteri ya Jerónimos, mtaa wa Belém, Lisbon. Nyumba za watawa za Ureno zilijulikana kwa vitamu vya viini vya mayai, na maelezo yanayotolewa siku zote ni kwamba ute ulikwenda kupiga nguo wanga na kusafisha mvinyo, viini vikabaki kwa wingi, na sukari ya makoloni ilikuwa karibu. Mwaka 1834 serikali ilifunga nyumba za watawa wa kiume, na mwaka 1837 duka la jirani na monasteri hiyo likaanza kuuza pastel zilizofuata mapishi yale. Duka hilo lipo hadi leo, mapishi yake bado ni siri, na jina Pastéis de Belém ni lake peke yake. Kwingine kote huitwa pastéis de nata. Ndani ya monasteri hiyohiyo limo kaburi la Vasco da Gama, yule aliyetia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498.

Kwa kuwa mapishi ya Belém ni siri, kila unachokiona vitabuni na mitandaoni, pamoja na haya ya hapa, ni mapishi ya pastel de nata ya kawaida. Anayekuahidi yale ya siri anakuuzia maneno.

Ganda

Kwa pastel 12 za trei ya kawaida ya keki ndogo, yenye vikombe vya upana wa sentimita 7 hivi, unahitaji:

- unga wa ngano mweupe gramu 200
- maji baridi ya friji mililita 120
- chumvi nusu kijiko cha chai (acha kabisa kama siagi ina chumvi)
- siagi ya maziwa gramu 150

Unga uwe ule usiochanganywa beking pauda. Unga wa chapati unafaa vizuri. Wenye beking pauda utaumuka kama keki na tabaka zitapotea.

Siagi iwe siagi kweli, ile ya maziwa. Kwetu neno siagi linabeba hata majarini ya kopo ya kupaka mkate, na hapo ndipo wengi wanapopoteza mchezo kabla haujaanza. Majarini laini imetengenezwa ipakike hata ikitoka kwenye friji, kwa hiyo haigandi kamwe kiasi cha kutenganisha tabaka, na baadhi yake ina maji mengi. Ganda lake hutoka gumu na linalotafunika kwa shida. Ipo majarini ngumu ya vipande ambayo waokaji huitumia kwa mandazi ya tabaka na krosanti. Hiyo inafanya kazi, ila ladha yake hubaki mdomoni kama nta. Samli nayo ina harufu nzuri lakini haina maji, na kwenye joto la pwani haikai ngumu hata dakika kumi. Ukitaka harufu ya samli, changanya gramu 30 ndani ya siagi gramu 120, usizidishe.

Changanya unga, chumvi na maji mpaka vishikane, kanda dakika mbili au tatu tu. Donge liwe laini na linate kidogo, laini kuliko la chapati. Lifunike, liweke kwenye friji nusu saa. Mapumziko haya si ya hiari: unga uliokandwa ukisukumwa papo hapo unavutika na kurudi, na baadaye ganda litanywea ndani ya kikombe na kuteremsha kastadi.

Siagi itoe kwenye friji mapema ili iwe inapakika bila kuchana donge, lakini isiwe imeyeyuka wala kung'aa. Ukiibonyeza kwa kidole iache shimo safi. Sukuma donge liwe mraba wa sentimita 30 kila upande. Paka theluthi ya siagi, yaani gramu 50, kwenye sehemu mbili kati ya tatu za mraba, ukiacha ukingo wa sentimita 2 bila siagi. Kunja theluthi kavu juu ya ile ya katikati, kisha kunja ile iliyobaki juu yake. Liweke kwenye friji dakika 20. Ligeuze robo mzunguko, sukuma tena, paka gramu 50 nyingine, kunja vilevile, rudisha kwenye friji. Mara ya tatu sukuma liwe mstatili wa sentimita 30 kwa 35, paka siagi iliyobaki uso mzima, kisha likunje kwa kulibana, kuanzia upande mfupi, upate gogo la urefu wa sentimita 30 na unene wa sentimita 4 au zaidi kidogo.

Anayejua chapati za tabaka tayari ana mkono wa kazi hii: paka mafuta, kunja gogo, zungusha, sukuma. Tofauti ni kwamba mafuta ya chapati ni ya maji na haidhuru yakiingia kwenye unga, ila hapa siagi lazima ibaki imeganda kati ya tabaka hadi itakapokutana na moto. Ikiyeyuka mapema inanyonywa na unga, na unapata ganda la biskuti. Ikibaki ngumu, maji yaliyo ndani ya donge na ndani ya siagi yenyewe yanageuka mvuke na kuzisukuma tabaka ziachane.

Hapo ndipo wenzetu wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa wanapopata shida kuliko wa Arusha au Nairobi. Jikoni kukiwa na nyuzi 30, siagi inakaribia kuyeyuka yenyewe. Fanya kazi alfajiri au usiku. Poza unga na bakuli kwenye friji kabla ya kuanza. Badala ya dakika 20 za friji kati ya mkunjo na mkunjo, tumia dakika 10 au 15 za friza. Na ukiona siagi inapenya kwenye donge na kuacha alama zinazong'aa, usijaribu kuiokoa kwa unga mkavu. Acha hapohapo, rudisha donge kwenye ubaridi. Unga mkavu unaoongezwa kwa hofu ndio unaofanya tabaka zisishikane na gogo kufunguka.

Gogo likae kwenye friji saa mbili kwa uchache; likilala usiku kucha ni bora zaidi. Kata ncha zilizopinda, kisha kata vipande 12 vya sentimita 2 na nusu hivi, kila kimoja gramu 35 au kuzidi kidogo.

Kiweke kila kipande ndani ya kikombe cha trei uso uliokatwa ukitazama juu, ule unaoonyesha mzunguko wa tabaka. Kisimame dakika tano kilegee. Chovya dole gumba kwenye maji baridi, bonyeza katikati mpaka chini kabisa, kisha panda nacho ukutani ukizungusha kikombe. Chini pawe pembamba, milimita 2 au pungufu. Ukingo uwe mnene kidogo na upite mdomo wa kikombe kwa milimita 3. Watu wengi hufanya kinyume, wanaacha chini pakiwa panene kwa kuogopa kupatoboa, na hapo ndipo panapobaki pabichi. Maji ya kidoleni yanazuia siagi isishike mkono na donge lisichanike. Trei nzima irudi kwenye friji nusu saa nyingine, au friza dakika 15. Usipake kikombe mafuta; siagi iliyomo inatosha.

Ganda la tabaka lililogandishwa la supamaketi linakubalika kwa siku ya haraka. Lisitandazwe kikombeni kama lilivyo, maana tabaka zake zitainuka kutoka chini na kuitoa kastadi nje. Likunje gogo kwanza, ukate, ubonyeze kama ilivyoelezwa. Manda za sambusa hazifai. Ni unga uliokwishapitishwa motoni, na kwenye nyuzi 250 kingo zake zinakuwa mkaa kabla kastadi haijashika.

Kastadi

- maziwa yenye mafuta yote mililita 300
- unga wa ngano gramu 30 (vijiko vikubwa vitatu na nusu vya kusawazishwa, takriban)
- sukari gramu 200
- maji mililita 100
- viini 6 vya mayai ya kawaida, jumla kama gramu 105
- kijiti kimoja cha mdalasini
- ganda la limau moja, lililomenywa bila nyama nyeupe
- vanila nusu kijiko cha chai, ukipenda

Mayai ya kienyeji ni madogo. Pima uzito usihesabu, mara nyingi utahitaji viini 7 au 8. Rangi ya kiini inategemea chakula cha kuku, na mayai ya kisasa mengi yana kiini kilichopauka, kwa hiyo usitarajie ile njano ya picha za Lisbon. Wapo wanaotia bizari ya manjano. Inasikika mdomoni, waache.

Koroga unga na mililita 50 za maziwa baridi mpaka pasiwe na donge hata moja. Chemsha maziwa yaliyobaki, yamimine juu ya mchanganyiko huo ukikoroga, rudisha vyote motoni na uendelee kukoroga kwa moto mdogo dakika mbili au tatu, mpaka uwe uji mzito usio na harufu ya unga mbichi.

Kwenye sufuria nyingine weka sukari, maji, mdalasini na ganda la limau. Sukari ikishayeyuka, acha kukoroga kabisa. Mwiko ukiendelea kupita, chembe za sukari zinarudi kuganda na shira yote inageuka mchanga. Matone machache ya ndimu yanasaidia kuzuia hilo. Unataka nyuzi 105. Bila kipimajoto, chukua tone kwenye kijiko, lipoe, libane kati ya vidole viwili: likivuta uzi mfupi unaokatika mara moja, limefika. Anayepika shira ya kaimati anaijua hatua hii kwa macho. Ukiipitisha hadi uzi mrefu, shira itaganda vipande itakapokutana na uji wa maziwa.

Kwa wenye vipimajoto walioko nyanda za juu kuna jambo moja ambalo mapishi ya Ulaya hayalitaji. Nairobi iko karibu mita 1,700 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Ukisubiri shira ifike 105 Nairobi utakuwa umeipika kupita kiasi. Pima kwanza maji yanayochemka kwa kipimajoto chako, ongeza 5 juu ya namba unayoipata, hiyo ndiyo shabaha yako. Kigali na Arusha hesabu ni hiyohiyo kwa namba zao.

Mimina shira polepole kupitia chujio ndani ya uji wa maziwa huku unakoroga. Utaona uji unalegea na kung'aa. Acha upoe mpaka uweze kulishika bakuli kwa mkono bila kuungua, ndipo utie viini na vanila. Koroga taratibu kwa mwiko au mchapo ulioulaza, usipige. Mapovu unayoyaingiza hapa yataumuka motoni na kuifanya kastadi ipande kama keki, ipasuke, halafu ishuke na shimo katikati. Chuja tena. Iache robo saa, uondoe povu lililoelea juu.

Kwa nini unga? Kiini peke yake huanza kuganda kama kwenye nyuzi 65. Kikichanganywa na maziwa na sukari, kiwango hicho kinapanda hadi karibu 80. Kastadi isiyo na wanga ikipita 85 inakatika: protini zinajibana, maji yanatoka, unabaki na chembechembe ndani ya majimaji. Wanga uliokwishaiva unajipenyeza kati ya protini na kuzizuia zisibanane, ndiyo maana pastel inaweza kuchemka kabisa pembeni na bado ikabaki laini. Kupunguza unga ili kastadi iwe "nyepesi" ni jaribio linalovutia kila mtu, na kwenye nyuzi 250 linashindwa kila mara. Kama huutaki unga, teremsha moto, lakini hapo umeondoka Lisbon. Umekaribia Macau, koloni la zamani la Ureno huko China, ambako Mwingereza Andrew Stow alifungua duka la mikate katika kijiji cha Coloane mwaka 1989 na kuanza kuuza pastel zenye kastadi iliyoegemea ile ya Kiingereza. Ni tamu kwa namna yake, ila ni kitu kingine.

Konfulawa inaweza kuchukua nafasi ya unga wa ngano, gramu 20 badala ya 30. Kastadi inang'aa zaidi lakini inakatika kwa kisu kama jeli, jambo ambalo mimi silipendi. Nusu kwa nusu ni mapatano mazuri. Na hapa namaanisha ule wanga mweupe laini wa mahindi unaouzwa kwenye pakiti ndogo. Sembe haihusiki.

Moto

Washa oveni kwenye kiwango chake cha mwisho dakika 40 hadi 45 kabla. Taa ya oveni ikizima baada ya dakika 12 haina maana kwamba kuta na sakafu yake zimepata moto. Hewa tu ndiyo imepata. Ndani weka trei nzito ya chuma iliyopinduliwa, au bamba, au jiwe la kuokea, kwenye ngazi ya pili kutoka chini. Trei yenye pastel itakaa juu ya chuma hicho cha moto, na ganda la chini litaanza kuiva sekunde ileile.

Jaza vikombe robo tatu, takriban mililita 50 kila kimoja. Kastadi itapanda, na ikimwagika kati ya ganda na bati itaungua na kulishikisha ganda lote. Kastadi iliyobaki oka kwenye kikombe cha chai, usiilazimishe iingie.

Dakika 10 juu ya chuma cha moto, bila kufungua mlango. Kisha hamishia trei ngazi ya juu, uwashe moto wa juu kama oveni yako inao, na usiondoke. Uso utavimba, utatetemeka, utaanza kupata malengelenge, na malengelenge hayo ndiyo yanayoungua kwanza na kuacha madoa. Hii huchukua dakika 3 hadi 6. Zikiwa na madoa meusi manne au matano na kastadi bado inacheza katikati ukitikisa trei, zitoe. Zitashuka zikipoa, ndivyo zinavyotakiwa. Zitoe kwenye vikombe baada ya dakika 5, uziweke juu ya waya. Zikipoa ndani ya bati, mvuke wa chini unalilowesha ganda.

Oveni za gesi zenye moto chini tu ni kawaida katika nyumba zetu. Hizo zinaivisha ganda vizuri sana lakini hazitoi madoa. Weka trei juu kabisa kwa dakika za mwisho, na kama bado uso umepauka, kubali. Wapo wanaopulizia sukari na kuichoma kwa tochi ya gesi. Inatoa rangi, ila ni ukoko wa karameli, si madoa yenyewe. Kikaango cha hewa kina tatizo la kinyume: kinaunguza uso na kuacha chini pakiwa pabichi. Kama ndicho ulicho nacho, oka maganda matupu kwa nusu ya muda wake kwanza, yakiwa yamewekewa maharage makavu juu ya karatasi, kisha ujaze.

Jiko la mkaa lisidharauliwe. Anayeoka mkate wa kumimina kwa kupalia makaa juu na chini anacho kifaa ambacho oveni nyingi za umeme hazikikaribii, kwa sababu makaa ya juu yako karibu sana na uso wa pastel. Tumia sufuria nzito yenye mfuniko bapa au sinia ya chuma, tandika chini changarawe kavu au kibati kilichoinuliwa kidogo, ipashe moto robo saa nzima kabla. Oka nne au tano kwa mara moja, kwenye vikombe vimojavimoja vya bati jembamba. Makaa ya chini yawe ya wastani kisha yaachwe. Ya juu yawe mengi, yakipulizwa dakika za mwisho. Ugumu ni kwamba hupaswi kufunua mapema, kwa hiyo fundi hapa ni pua: harufu ya sukari iliyoanza kuungua ndiyo ruhusa ya kufunua.

Zinapogoma

Ganda la chini likiwa bichi na lenye mafuta, mara tisa kati ya kumi ni chini panene au oveni haikupata muda. Likiwa kavu na gumu bila tabaka, siagi iliyeyuka wakati wa kukunja. Siagi ikichuruzika nje ya vikombe wakati wa kuoka, trei iliingia ikiwa ya joto. Ganda lililonywea ni donge ambalo halikupumzika. Ganda lililoinuka katikati na kuitupa kastadi ni kipande kilichowekwa ubavu au hakikubonyezwa vya kutosha.

Kastadi yenye chembe ni suala la muda, si la viungo: ilikaa motoni hata baada ya madoa kutokea. Kastadi iliyobaki maji katikati baada ya kupoa ina sababu mbili zinazofanana kwa sura. Ama shira haikuchemka vya kutosha, au uji wa maziwa haukuiva. Onja: ikiwa na ladha ya unga ni uji, isipokuwa nayo ni shira.

Ikikosa madoa ingawa moto ulikuwa mkali, angalia kama ulipunguza sukari. Gramu 200 zinaonekana nyingi na watu hushuka hadi 120 kwa ajili ya afya. Ni haki yao, lakini sukari ndiyo inayoungua kuwa madoa, na ndiyo inayoipandishia kastadi kiwango cha kuganda. Hadi 170 bado pastel inakuwa pastel. Chini ya hapo, kula moja badala ya tatu ni njia bora.

Kuijaribu kwa viungo vya kwetu

Iliki inakaa vizuri kuliko inavyotarajiwa, punje tano zilizopondwa na kuchemshwa pamoja na shira, kisha zichujwe. Usitie ya unga ndani ya kastadi, itaacha chembe na uchungu. Ukitia iliki, punguza mdalasini uwe nusu kijiti, vinginevyo utasikia chai ya maziwa. Ganda la chungwa au la ndimu linabadilishana na la limau bila shida, ila la ndimu lisikae kwenye shira zaidi ya dakika tano.

Tui ndilo jaribio linalostahili muda. Badilisha nusu ya maziwa, mililita 150, kwa tui zito la kwanza. Ukibadilisha yote, mafuta ya nazi yanajitenga na kuelea usoni, na uso wenye mafuta haupati madoa. Kwa nusu, wanga unayashika. Mwambao huu si wa kwanza kulifikiria hilo: vitamu vya viini vya Kireno vilipofika Brazil vilikutana na nazi, ndiko ilikotoka quindim ya viini, sukari na nazi iliyokunwa, na Goa, koloni la zamani la Ureno huko India, wana bebinca, ya tui, viini na samli, inayookwa tabaka moja baada ya nyingine kwa moto wa juu. Wagoa waliohamia Zanzibar, Mombasa na Nairobi walikuja nayo, kwa hiyo mtu mwenye jirani Mgoa huenda amewahi kuonja ukoo huu hata kama hajafika Lisbon.

Embe halifai ndani ya kastadi. Maji yake ni mengi na uchachu wake unaivuruga. Weka kipande pembeni ya sahani.

Ute sita uliobaki usiutupe. Wareno wana pudingi ya ute iitwayo molotof: piga ute mpaka usimame, ongeza vijiko vikubwa sita vya sukari kimoja kimoja, kisha vijiko vitatu vya karameli ya maji iliyopoa. Mimina kwenye chombo chenye tundu katikati kilichopakwa karameli, kisimamishe ndani ya trei ya maji moto, oka nyuzi 180 kwa dakika 15, zima oveni, na uiache humohumo mlango umefungwa mpaka ipoe. Ukifungua mapema inaanguka.

Pastel yenyewe huliwa ikiwa vuguvugu, siku ileile, ikinyunyizwa mdalasini wa unga na sukari ya unga. Lisbon huiteremsha kwa kahawa nzito ya kikombe kidogo, na kahawa chungu ya birika la shaba inafanya kazi hiyohiyo. Kwenye unyevu wa pwani ganda hulegea baada ya saa nne au tano. Kulirudisha: oveni nyuzi 200, dakika 5, kamwe si maikrowevu. Kwa biashara ndogo au wageni, gandisha maganda yaliyobonyezwa ndani ya trei yake, yakishakuwa magumu yatoe na uyafunge kwenye mfuko. Yanakaa friza mwezi mzima. Siku ya kuoka yarudishe kwenye vikombe yakiwa bado yameganda, jaza kastadi, na uongeze dakika mbili kwenye zile kumi za mwanzo.